Maana ya Alama Zinazozuia Malori

(na Katibu wa Chama)

Ndugu wanachama,

Nataka leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa si letu. Husema: alama za barabarani ni za madereva na askari, mkulima wa karafuu kazi yake ni mikarafuu, majamvi na magunia. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo mpaka msimu uliopita, nilipopata funzo ambalo lilitugharimu sote. Nitalisimulia kwanza, kisha nitaeleza alama zenyewe moja moja, ili msimu ujao asiwepo mwanachama wa kusema kuwa hakujua.

Wenzetu walio ng'ambo ya bonde walikuwa wamekwisha kukausha karafuu zao, na mvua za vuli zimeanza. Tukakodi lori moja lichukue magunia 60 kwa safari moja mpaka kituo cha ununuzi. Wakati wa kwenda lilipita bondeni likiwa tupu, na kalvati likalibeba bila ya neno. Wakati wa kurudi, mzigo umejaa, tukafika pale penye alama ya duara lenye ukingo mwekundu, ndani yake imeandikwa "5 t". Dereva akasimamisha gari akaniuliza, "Bwana Katibu, hapa pameandikwa tani tano. Tupite?"

Nikahesabu kwa vidole. Magunia 60, kila gunia kilo 50, jumla kilo 3,000, yaani tani 3. Nikamjibu, "Tupite, bwana. Mzigo wetu ni tani tatu tu."

Kando ya njia alikuwako mzee mmoja akianua karafuu zake, naye ujanani alifanya kazi ya kutengeneza barabara. Akatuita, "Wanangu, na gari lenyewe mmelihesabu?" Nikamjibu, "Mzee wangu, mvua iko juu yetu, tusije tukalowesha mali za watu." Hakusema zaidi.

Magurudumu ya mbele yalivuka. Ya nyuma yalipofika katikati, tukasikia mlio kama wa mti unaovunjika, na lori likazama upande mmoja mpaka kwenye bodi. Mtu hakuumia. Lakini magunia yalishushwa kwa mabega ya watu katika mvua, na mengine yalilowa, ikabidi karafuu zianikwe upya na kuuzwa kwa daraja la chini. Njia ilifungwa wiki tatu. Katika wiki ya pili, mke wa mwanachama mmoja alishikwa na uchungu usiku, akavushwa kijitoni juu ya kitanda, wanaume wanne wamekibeba na maji yakiwafika magotini, kwa sababu gari la kumpeleka hospitali halikuweza kupita. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Mumewe ananijibu salamu yangu, lakini hazidishi neno, nami simlaumu.

Kosa langu lilikuwa dogo kwa hesabu, kubwa kwa matokeo. Lori lile likiwa tupu lina uzito wa tani 4. Tani 4 za gari na tani 3 za karafuu ni tani 7. Alama ilisema 5. Mimi nilipima gunia, alama ikapima gari na gunia pamoja.

Sasa tuziangalie alama.

Nyingi katika alama zinazotumika duniani leo zilipatanishwa na mataifa katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, tarehe 8 Novemba 1968. Makusudio yalikuwa kwamba mtu aweze kuifahamu amri ya njia kwa kutazama umbo, rangi na picha, hata ikiwa hajui lugha ya nchi ile. Kwa hiyo hata mwenzetu ambaye hakubahatika kusoma, akijua tarakimu tu anaweza kuzielewa.

Jambo la kwanza ni umbo. Pembe tatu yenye ukingo mwekundu inaonya: mbele kuna kona, mteremko au hatari nyingine, basi jihadhari. Duara la buluu linaamrisha: fanya hivi. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Alama zote za leo ni za namna hii ya mwisho. Na zile zenye tarakimu, mjue kwamba tarakimu ni mpaka wa juu. Kilichofika mpaka kinapita, kilichozidi hakipiti.

(1) Picha ya lori ndani ya duara. Hii inakataza magari ya mizigo kupita. Mahali pengine mchoro hukatwa na mstari mwekundu wa mshazari, na maana yake ni ile ile. Magari madogo ya abiria hayahusiki.

Mara nyingine juu ya picha hiyo, au katika kibao chini yake, huandikwa uzito, kwa mfano "5 t". Hapo ndipo penye mtego. Uzito huo si ule ambao lori limechukua siku ile, bali ni ule wa juu kabisa ambao limeruhusiwa kuwa nao kwa mujibu wa karatasi zake, gari na mzigo pamoja. Lori lililoandikiwa tani 8 halipiti penye alama hii hata likiwa tupu, hata likiwa limebeba kuku wawili. Dereva akikwambia, "Mimi sina mzigo," mjibu kwamba alama hii haiulizi una nini leo, inauliza wewe ni gari la namna gani.

(2) Picha ya gari lenye tela. Hii inakataza gari linalokokota tela. Ukiliacha tela nyuma, gari lenyewe laweza kupita, maadamu hakuna alama nyingine inayolizuia.

(3) Tarakimu na herufi "t" peke yake, bila ya picha. Hii ndiyo iliyonishinda mimi. Herufi "t" ni tani, nayo tani ni kilo 1,000. Alama hii inapima uzito halisi wa wakati ule: gari, mzigo, mafuta, dereva, utingo, na wale vijana waliokaa juu ya magunia. Hapa lori tupu laweza kupita, na lile lile likishajaa likazuiwa. Ndiyo maana sisi tulikwenda salama na kurudi kwa hasara.

Tazameni pia nukta au mkato katikati ya tarakimu. "3.5 t" au "3,5 t" ni tani 3 na nusu, siyo 35. Rangi ikichubuka, kijinukta hicho hakionekani kwa mbali. Ukitia shaka, teremka ukatazame kwa karibu.

(4) Uzito pamoja na mchoro wa magurudumu mawili yaliyounganishwa kwa chuma. Chuma hicho ndicho mafundi wanachokiita ekseli. Alama hii haiulizi uzito wa gari zima, inauliza uzito ambao kila ekseli peke yake inauweka juu ya njia. Mzigo haugawanyiki sawa. Katika malori yetu sehemu kubwa huangukia ekseli ya nyuma, hasa magunia yakirundikwa mkiani. Tuseme lori la tani 7 limeweka tani 2 mbele na tani 5 nyuma. Alama ikisema tani 4 kwa ekseli, lori hilo limezuiwa kwa sababu ya nyuma yake, ijapokuwa mbele yake ni jepesi.

(5) Picha ya lori na chini yake mshale wenye ncha mbili na tarakimu kama "10 m". Herufi "m" ni mita. Alama hii inazuia urefu. Gari na tela huhesabiwa pamoja kuwa kitu kimoja. Tena mkumbuke mbao, mabomba na miti ya kujengea inayotokeza nyuma, kwani nayo ni urefu. Mara nyingi alama hii huwekwa penye kona kali au njia panda nyembamba. Gari refu likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele, huingia ndani zaidi, na hapo ndipo yanapochukua mtaro, ua wa mtu, au mtoto aliyesimama kando akidhani gari limekwisha kupita.

(6) Tarakimu ya mita iliyobanwa juu na chini na vijipembetatu viwili vyeusi. Hiki ni kimo, kuanzia ardhini mpaka sehemu ya juu kabisa ya mzigo. Hata pasipokuwa na alama hii, mpakiaji hana budi kukifikiria kimo. Anayetoka Konde kwenda Makangale hupita ndani ya msitu wa Ngezi, na kila mwenyeji wa Pemba anajua matawi yanavyoweza kuinamia njia, na nyaya za umeme zinavyoweza kulegea karibu na nyumba. Turubai likichanika, mvua haitaomba ruhusa kuingia.

(7) Tarakimu ya mita iliyobanwa kulia na kushoto na vijipembe hivyo hivyo. Huu ni upana. Aliyewahi kuingia Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji maelezo marefu. Vichochoro vile vilikuwako kabla ya lori kujulikana duniani, vikiwatosha waendao kwa miguu na punda na shehena yake. Gari pana likiingia katika njia ya namna ile, haliendi mbele wala halirudi nyuma, na walio nyuma yake wanakwama pamoja nalo.

Mwisho, someni kibao kidogo kilicho chini ya alama, ikiwa kipo. Kibao huweza kueleza saa ambazo amri inafuatwa, au umbali kutoka hapo mpaka mahali penye kizuizi, au magari yaliyosamehewa. Asiyesoma kibao amesoma nusu ya amri.

Huenda mwanachama akauliza: kwani serikali inajenga njia ili zipitiwe au ili zizuiwe? Swali ni zuri, na jibu lake ni hili.

Kalvati na daraja dogo hujengwa kwa kipimo. Mhandisi hukadiria mzigo, akaweka nondo na saruji za kuubeba mzigo huo pamoja na ziada kidogo ya usalama. Ziada hiyo si ruhusa kwetu. Ni akiba ya siku saruji itakapozeeka na maji yatakapokula udongo wa pembeni. Kisiwa chetu cha Pemba ni vilima na mabonde. Karibu kila njia ya shamba huteremka, ikavuka kijito au bonde la mpunga, kisha ikapanda. Mahali hapo pa kuvukia pakikatika, upande wa pili unakuwa kisiwa ndani ya kisiwa.

Na barabara yenyewe huumia, ijapokuwa haipigi kelele. Baina ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Walijenga njia za duara kwa unene mbalimbali, wakawaweka askari kuendesha malori ya uzito mbalimbali usiku na mchana, mpaka ekseli zilizopita zikazidi milioni moja. Walichokiona ni kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na uzito, bali huongezeka kwa kasi mno. Kwa makisio yao, uzito wa ekseli ukizidi mara mbili, madhara kwa barabara huwa karibu mara 16. Ukizidisha sehemu moja tu katika tano, yaani tani 6 mahali pa tani 5, madhara huwa kama mara mbili. Basi anayesema "tuongeze magunia machache, hayadhuru" aijue hesabu hiyo. Na katika njia zetu za udongo mambo ni mazito zaidi wakati wa mvua, maana udongo ulioshiba maji hauna nguvu, na msimu wetu wa kuchuma hukutana na vuli.

Tena liko suala la kusimama. Lori lililozidishiwa mzigo likiteremka kilima, breki hupata moto, na zikipata moto sana hupoteza nguvu. Chini ya kilima huenda pana skuli au gulio.

Basi tufanye nini? Nayasema haya kama mtu aliyekosea, siyo kama mwalimu.

Kabla ya kukodi lori, mwulize mwenyewe uzito wake likiwa tupu na uzito wa juu ulioruhusiwa. Yote mawili hupatikana katika kadi ya gari, na mara nyingi huandikwa pia ubavuni mwa lori. Mwenye gari akikasirika kwa kuulizwa, tafuta gari jingine.

Hesabu uzito wa gari kwanza, kisha watu, kisha magunia. Nichukue mfano wa siku ile ile. Lori tani 4. Dereva na utingo tuseme kilo 150. Mpaka ni tani 5, kwa hiyo iliyobaki kwa karafuu ni kilo 850. Magunia 15 ni kilo 750, yanapita. Magunia 60 yangalikwenda kwa safari nne. Ni kweli kwamba tungalilipa mafuta zaidi na tungalimaliza usiku. Lakini tungalimaliza. Au tungalikodi gari dogo, lenye uzito mdogo likiwa tupu, likachukua magunia mengi zaidi kwa safari bila ya kuvunja mpaka. Gunia ni lile lile na kalvati ni lile lile, lakini gari jepesi linakuachia nafasi kubwa ya mali yako.

Msikisie uzito kwa macho. Karafuu mbichi ni nzito kuliko kavu, na gunia lililopigwa na mvua si gunia la jana.

Kabla ya msimu kuanza, watu wawili katika kila tawi waipite njia kwa miguu kutoka mashambani mpaka barabara kuu, waandike kila alama inayozuia na mahali ilipo. Penye alama iliyofunikwa na majani, wafyeke. Penye alama iliyoanguka au kufutika, wamwarifu Sheha ili habari iwafikie wenye dhamana ya barabara. Wala tusiangike matangazo ya harusi na mpira juu ya alama, na wale wanaong'oa mabati yake kwenda kuyauza tusiwanyamazie. Anayeng'oa alama ya kalvati ni kama anayeondoa kifuniko cha kisima usiku.

Na dereva akisita mbele ya alama, tumsikilize. Siku ile dereva wetu alisimamisha gari na kuuliza. Aliyemwambia apite ni mimi, mwenye haraka na mwenye kalamu mfukoni. Mkodishaji akimshurutisha dereva, hawezi kesho kusema kwamba kosa ni la dereva peke yake.

Kalvati limekwisha kutengenezwa, na alama imerudishwa mahali pake, ile ile ya "5 t". Juzi nilipita pale nikamkuta yule mzee katika shughuli zake. Nikamwamkia, kisha nikamwambia, "Mzee wangu, sasa najua kuhesabu." Akanijibu, "Kuhesabu ulikuwa ukijua, mwanangu. Ulikuwa huna wakati tu."

Mkutano wa matawi utakapokutana, kila tawi lije na orodha yake ya alama. Nitaziandika zote katika karatasi moja na kuibandika mlangoni mwa ofisi, ili kila mwenye kukodi lori aitazame kabla ya kutoa fedha yake.

Wasalaam,
Katibu wenu.